Mfadhili na Maua ya Kahawa

Mwanangu, acha kwanza kushangilia. Vuta hicho kigoda ukae, nikusimulie Jumapili moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo. Ilikuwa msimu kama huu, kahawa ya hapa Matiri imechanua na mlima mzima unanukia.

Jana ulikuja mbio kuniambia umepata mfadhili. Mkopo wa serikali umekupa nusu ya unachohitaji, na hiyo nusu nyingine kuna mtu atailipa, tena hataki kitu. Nilikupongeza, au siyo? Lakini uliniona sikucheka sana. Shangazi yako ni mtu wa kushuku, hilo unalijua. Marehemu mume wangu alizoea kunitania kwamba nikipunjwa chenji nanyamaza, nikizidishiwa ndipo napiga kelele. Hakukosea. Kilichonifanya niwe hivi ni hiyo Jumapili.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nikapata nafasi ya chuo kikuu, Morogoro, kusomea kilimo. Katika ukoo wetu hakuna msichana aliyewahi kufika huko. Baba alitokwa na machozi ya furaha, halafu akauliza itagharimu kiasi gani, na furaha ikapungua. Waliotutangulia walisoma bure, mpaka nauli na posho ya mfukoni walipewa. Sisi tulifika mlangoni serikali ikiwa imeanza kuhubiri habari ya kuchangia gharama. Ada italipa yenyewe, ila nauli, fedha ya dhamana, godoro, vitabu na mengine tutajua wenyewe. Chakula na malazi, wakasema, tutapewa mkopo. Wenzangu wengi neno mkopo walilisikia kama zawadi, maana hakuna aliyetueleza utarudishwa lini wala kwa nani. Mimi sikuuliza pia. Miaka mingi baadaye nilipoona mshahara wangu umekatwa nilijisemea, haya, wamefika.

Tuligonga milango mingine. Chama cha ushirika zamani kilikuwa kinasaidia kuwasomesha watoto wa wakulima kwa makato ya kahawa, lakini wakati huo chenyewe kilikuwa kinadaiwa na wakulima hao hao. Masista wa misheni walikuwa tayari kunilipia kila kitu kwa sharti kwamba nisomee uuguzi na nikimaliza niwafanyie kazi kwa miaka kadhaa. Walilisema sharti lao waziwazi, sista mkuu akinitazama usoni, na kwa hilo nawaheshimu mpaka leo. Ila mimi nikiona damu nazimia. Niliwashukuru nikakataa, na Baba akaninunia wiki nzima.

Ndipo akaja Bwana Zeno.

Zeno tulimjua vizuri. Alikuwa karani wa mizani kwenye ushirika, mtu mpole, anayekumbuka jina la kila mtoto. Watu binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa aliacha kazi, na haukupita muda tukamwona na pikapu nyeupe. Fedha ya pikapu aliitoa wapi? Wengine walisema kuna wakubwa wa mjini nyuma yake. Sijui, nakupa kama nilivyopewa. Jumamosi aliisimamisha nje kwetu, akashusha sukari na sabuni, akamwambia Baba amesikia habari za binti yake. Alisema hata yeye alitamani sana kusoma ila alikosa wa kumshika mkono, kwa hiyo atanilipia vyote vilivyobaki.

"Sasa unataka nini kwetu, Bwana Zeno?" Baba alimuuliza.

"Sitaki kitu, mzee wangu. Ni moyo tu."

Nilikuwa nachungulia kutoka jikoni, na nilitamani kuruka juu kama mbuzi. Baada ya chai walitoka wawili wakaenda shambani, wakakawia huko mpaka chai ya pili ikapoa. Wala sikujiuliza mfadhili wa masomo anatafuta nini kwenye mibuni.

Wakati ule ukoo wetu ulikuwa bado una sengu. Ninyi mnaisikia tu kwenye hadithi. Kila nyumba ilipeleka chakula chake kwa mkubwa wa ukoo, wanaume wakala pamoja, na humo humo katika kula mambo ya ukoo yakazungumzwa. Mgeni mwenye shauri na sisi alilisema pale, watu wote wakiwa na tonge mkononi, ili kesho asije akasema lingine. Kwetu sengu ilikuwa imeshapungua, imebaki ya Jumapili baada ya misa, lakini Babu Mathei, baba yake Baba, alikuwa ameishikilia kwa meno. Baba alipompelekea habari ya mfadhili, Babu aliuliza jambo moja tu.

"Atakula na sisi?"

"Ana kazi nyingi, Baba. Tena yeye amekwishasema..."

"Kesho Jumapili. Mwambie aje ale."

Zeno alikuja amevaa shati la kanisani, akamwamkia Babu shikamoo kwa mikono miwili. Chakula kilikuwa ugali, maharage na usipa, wale dagaa wa ziwani, ambao Bibi aliletewa na ndugu zake wa Liuli. Mimi kama mtoto wa kike kazi yangu ilikuwa kuleta maji ya kunawa na kuondoka. Nilipoinama kuchukua beseni Babu akaniambia, "Otilia, weka chini hicho. Kaa hapa." Nikakaa kwenye ukingo wa mkeka. Nilimtazama Baba anipe hata tabasamu, lakini Baba alikuwa anatazama mboga.

Babu alimwacha mgeni ale kwanza. Alikuwa mtu wa taratibu mno, hata ugomvi alikuwa haanzi mpaka watu wameshiba nusu. Kisha akasema, "Bwana Zeno, tumesikia utamsomesha huyu mjukuu wangu. Tunashukuru. Anakwenda kusomea nini?"

Zeno alitafuna polepole. "Si... udaktari, mzee? Hawa watoto wa siku hizi wana akili sana."

"Na anakwenda mji gani?"

"Dar es Salaam."

Watu walicheka kidogo, wakadhani ni kuteleza kwa ulimi tu. Mimi nilichekea pembeni. Hata Babu alitabasamu, akamsogezea bakuli la usipa.

"Hayo ni ya shule, mimi mwenyewe yananichanganya. Tuongee tunayoyajua sisi wakulima. Shamba la huyu mwanangu, unadhani lina mibuni mingapi?"

Zeno akataja idadi. Aliitaja pale pale, bila kufikiri, na tonge lake bado liko hewani. Akaongeza kwamba ile ya bondeni imezeeka na itazaa kidogo, ila ya juu, karibu na ngoro, yale mashimo yetu ya kukinga maji ya mlimani, tulipokuwa tumepanda mahindi, imetoa maua vizuri sana, haijawahi kutoa namna ile.

Hakuna aliyecheka tena. Zeno mwenyewe alitambua, akaweka tonge chini.

"Sasa sema unachotaka," Babu akamwambia, bila kupandisha sauti.

Basi akasema. Biashara ni biashara, mzee. Atanilipia, na mavuno yakija atachukua kahawa yote ya Baba kwa bei waliyoelewana jana shambani. Yaani magoma. Unaijua magoma, bado ipo, wameibadilisha jina tu. Ni kuuza kahawa ikiwa bado maua. Mtu ana msiba au mgonjwa, anachukua fedha leo, halafu mwenye fedha anakuja kuvuna kwa bei ya shida. Watu wa huku tunaona aibu kufanya magoma, kwa hiyo tunaifanya kwa siri, na kwa kuwa ni siri hakuna wa kutuambia kwamba tumepunjwa. Baba alikuwa amekubali. Alificha hata kwa mama yangu.

"Ulijua?" Babu alimuuliza.

Baba hakuinua macho. "Nilijua. Na asiposoma je, Baba? Wewe unazo fedha?"

"Sina. Lakini una watoto wengine watano nyumbani. Mwaka mzima watakula nini? Na mwakani chuo kikiendelea utauza nini, majani?"

Zeno aliaga kwa adabu akaenda zake. Sukari na sabuni Bibi alimfuata navyo mpaka kwenye pikapu.

Nisikufiche, nilimchukia Babu. Nililia mpaka macho yakavimba, nikasema mzee huyu hajui kusoma na hataki wengine wasome. Niliiona Morogoro inayeyuka. Siku iliyofuata sikumwamkia, nikapita kama simwoni. Yeye alikuwa na kazi. Alizunguka kwa kila nyumba ya sengu na fimbo yake, akashuka hadi Liuli kwa shemeji zake akiwa na magoti mabovu. Huyu akatoa gunia la maharage, yule mbuzi, wa ziwani wakatoa usipa mkavu ambao mama aliupeleka kuuza Mbinga. Nilifika chuoni nimechelewa, wenzangu wamekwishaanza masomo, na godoro langu nililinunua la mkono wa pili. Lakini nilifika. Kahawa ya mwaka ule Baba aliivuna mwenyewe, na bei ilipanda.

Usidhani nakuambia msaada wa ndugu ni wa bure. Huo ndio mrefu kuliko yote! Nilipoanza kazi wenye maharage walikuja, wenye mbuzi wakaja, kila mmoja na mtoto wake wa kukaa kwangu. Baba yako mwenyewe alilala sebuleni kwangu miaka yote ya sekondari. Lakini nilijua tangu mwanzo nani kanipa nini, kwa sababu kilitolewa mbele ya watu.

Zeno hakukosa wa kumfadhili. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na kijana tuliyesoma naye, ana akili kunizidi, tuseme ukweli. Alikuwa amechaguliwa kusomea uhandisi. Kwao sengu ilishakufa siku nyingi, kila mtu anakula kwake. Nilikwenda kumweleza yaliyotokea kwetu. Alinisikiliza, akasema, "Otilia, nyie mmekosa, sasa mnanionea wivu?" Nikarudi zangu. Mwezi wa sita vibarua wa Zeno waliingia shambani kwao, wakavuna yote, baba yake amesimama pembeni anatazama. Mwaka wa pili wa chuo hakukuwa na maua ya kuuza, maana mibuni ilikamuliwa vibaya na mbolea haikununuliwa. Mkopo wa serikali haukutosha. Kijana akarudi nyumbani na sanduku lake. Niliumia, na bado naumia nikikumbuka alivyokuwa akizimaliza hesabu za ubaoni kabla mwalimu hajamaliza kuziandika. Zeno huyo huyo akampa kazi ya kushika mizani, na kushika mizani kukamfikisha kwenye kununua kahawa mwenyewe.

Jina lake ni Bosco. Ndiyo, Mzee Bosco huyo huyo wa lori la bluu, mfadhili wako.

Usiniangalie hivyo, sijasema ni mtu mbaya. Huenda anakulipia kwa sababu anajua uchungu wa kurudi na sanduku. Mtu aliyepita pale anaweza akawa na moyo kuliko mimi, nami nitafurahi, nitamwomba radhi. Ila juzi jioni nilimwona yeye na baba yako wakipandisha shambani, na pale juu, penye mibuni ya marehemu Baba, alisimama akashika tawi akaligeuza. Baba yako alipoona nakuja alibadilisha mazungumzo. Ni mdogo wangu, namjua anapoficha kitu, anakuwa kama baba yetu alivyokuwa siku ile.

Kwa hiyo shika hili la shangazi yako. Misaada ya kusoma ni mingi siku hizi, ya serikali, ya makanisa, ya makampuni, ya wakubwa wanaotafuta kura, na mimi sisemi uikatae, maana hakuna aliyesoma kwa jasho lake peke yake. Mkopo uuite deni tangu siku ya kwanza, uulize makato yataanza lini. Mwenye sharti mshukuru kwa kulisema, kisha upime kama unaliweza. Na yule anayesema hataki kitu, msikilize anauliza nini. Anayetaka usome atakuuliza unasomea nini, utalala wapi, mwaka wa pili utafanyaje. Akiuliza ya shamba, amekuja kwa ajili ya shamba. Na usikubali lolote lililopangwa pembeni, hata kama aliyelipanga ni baba yako na amelipanga kwa kukupenda. Baba yangu naye alinipenda.

Jumapili hii napika. Nitawaita baba yako, mama yako, wajomba, wote waliobaki, na wewe utakaa pale mkekani, si jikoni. Mlete Mzee Bosco. Nitamuuliza unakwenda kusomea nini, halafu nitamuuliza habari za mibuni. Akijua la kwanza akashindwa la pili, usipa wote wa bakuli ni wake.

Mungu akufungulie njia, mwanangu. Akupe chuo kizuri na afya ya kukimaliza, akulinde na wema wa gizani, na kahawa ya baba yako iive ikiwa bado ni ya baba yako. Haya, nenda kamwambie tunakula baada ya misa.