Vifuniko Vinne na Salamu za Shemeji

Mdogo wangu wa kike alipokuja na vile vifuniko vinne, kila kimoja kidogo kama kifungo cha koti, nilimuuliza kama ametoka kununua peremende. Akasema hivi hufungwa kwenye valvu za matairi, pale pa kutilia upepo, na kila kimoja huipelekea simu habari za tairi lake. Nikacheka kwa dharau. Mimi naendesha gari tangu yeye hajui kufunga kamba za viatu, na tairi nalipiga teke moja tu nikajua kila kitu.

"Teke lako hilo ndilo lililotufikisha hapa," akanijibu. Na alisema kweli.

Gari yetu ni moja na madereva ni watatu. Mimi huwa nayo mchana, kuwapeleka wageni kwenye mahoteli ya Kiwengwa. Jioni huichukua shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa Makunduchi. Hulala nayo kwao, na alfajiri huja mjini na kina mama na magunia yao ya mwani. Asubuhi huipokea dada, huyu mdogo wangu, akapakia watoto wa Mji Mkongwe kuwapeleka skuli huko Chukwani. Tangu aachike, kazi hiyo ya watoto ndiyo inayomlisha yeye na mwanawe. Basi siku moja tairi lilimwishia upepo njiani, watoto wakakaa juani mpaka wakakosa mtihani. Wazazi wakamwambia bila kuficha: ikitokea tena, tunatafuta gari nyengine.

Tukakaa kuulizana nani aliyeliacha tairi katika hali ile. Kila mmoja akaapa kwamba alipokabidhi gari alisema salama. Ebo! Na ni kweli tulisema. Gari haiingii vichochoroni kwetu, kwa hiyo tunaiacha uwanjani Malindi, karibu na baraza ya muuza kahawa, na hapo ndipo tunapopokezana ufunguo. Na ufunguo kwetu hautoki mkononi bila salamu. Habari za kwako? Salama. Watoto hawajambo? Hawajambo. Mzee? Mzima. Gari je? Salama. Mtu anaweza kuwa na maiti ndani ya nyumba, na bado atakujibu salama kwanza, ndipo baadaye aseme "ila." Na gari tuliiingiza humo humo, tukaiulizia hali kama tunavyomuulizia bibi.

Bingwa wa mambo haya ni shemeji. Sijapata kuona mtu mwenye adabu kama yule. Hata simu yake ikilia kwa ujumbe tu, huitikia "Naam!" kana kwamba ameitwa na mama yake.

Dada akatuwekea ile programu kwenye simu zote tatu. Ukisimama karibu na gari, matairi manne yanatokea kwenye kioo cha simu, kila moja na tarakimu yake. Thelathini na mbili ndio uzima. Likishuka, tarakimu inakuwa nyekundu na simu inapiga kelele. Nikafungua kifuniko kimoja kwa siri, nikatoa upepo kidogo, nikakirudisha, kusudi nimfedheheshe. Sijainuka, simu ikanipigia kelele mfukoni. Wallahi nilifurahi kama mtoto siku ya Idi! Tangu hapo nikawa nawaonesha wageni wangu, hata wale ambao hawajaniuliza.

Tukaweka sharti: anayepokea gari afungue simu yake, atazame mwenyewe, ndipo achukue ufunguo. Shemeji hakubisha. Lakini siku ya kwanza dada alipofungua simu mbele yake, uso ulimshuka.

"Nshakwambia salama, mdogo wangu," akasema taratibu.

Kwake yeye, kutazama simu baada ya salama yake ni kumwita muongo mbele ya muuza kahawa na wanywaji wake wote. Dada aliona haya. Akawa anaitazama simu shemeji akishampa mgongo, kisha akaacha kabisa. Nikamfokea, "Unaona haya, na hao watoto wa watu?" Akaniambia mimi sina shemeji wa kumwangalia usoni kila siku asubuhi. Astaghfirullah, wakati shemeji ni wangu!

Ikafika asubuhi moja nimetoka msikitini, simu yangu nimeinyamazisha kwa ajili ya sala. Nikawakuta dada na shemeji uwanjani, watoto wanapanda garini na mikoba yao.

"Shikamoo, kaka," dada akamwambia shemeji.

"Marahaba. Umeamkaje? Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Na gari?"

"Salama, alhamdulillahi."

Simu ya dada ikabaki mkobani, na programu ile usipoifungua hainong'oni. Akachukua ufunguo, akatia gari moto, akaondoka.

Gari inakata kona tu, simu ya shemeji ikalia. "Naam!" akaitikia, na watu barazani wakacheka. Akaitazama. Akailaza kifudifudi, akanywa funda la kahawa, akaigeuza akaitazama tena.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Salama."

"Shemeji, kuna nini?"

"Salama," akasema, macho kwenye simu.

Baadaye ndipo aliponieleza. Tairi la mbele la kushoto lilimlilia njiani, akalitia upepo kituo cha mafuta, tarakimu ikarudi, akaridhika. Hakusema uongo. Sasa lilikuwa limeshuka tena, na gari imejaa watoto, inaelekea barabara ya uwanja wa ndege ambako watu hukimbiza magari kama wamefukuzwa. Na kulisema lile ilikuwa ni kuirudisha salama yake mbele ya watu walioisikia. Kwa mtu kama yule hilo ni zito kuliko gunia la mwani mbichi.

Mimi na hasira zangu nshanyanyuka nimpokonye simu. Hakuningoja. Akapiga. Nikamsikia dada anapokea kwa kile kidude chake cha sikioni, na nyuma yake watoto wanaimba.

"Gari ina ubaya," shemeji akasema. "Simama."

Bila asalaam alaykum. Bila u hali gani. Mtu huyu namjua tangu siku ya posa yangu. Hata alipotupigia kutuambia kwamba baba yake amefariki, alianza kwa kuuliza kama watoto wetu hawajambo.

"Niliposikia hajanisalimia," dada aliniambia, "nilijua kuna jambo. Sikuuliza kitu, nikasimama."

Tulimfuata kwa bodaboda. Watoto wamepangwa pembeni, wameshikana mikono, na tairi linakaa chini huku wanalitazama, msumari mrefu umezama ndani yake. Shemeji akapiga magoti mchangani na kanzu yake safi, akafunga spea, na jeki hakuniruhusu hata kuigusa. Siku zote nilimpenda kwa upole wake. Siku ile nilimheshimu kwa jambo jengine kabisa.

Jioni dada aliwaeleza wazazi mwenyewe. Mama mmoja alimjibu kwa maneno matatu: asante kwa kusimama. Kesho yake watoto wote walikuwepo uwanjani, hakupungua hata mmoja.

Lakini mimi ninachokumbuka zaidi ni cha asubuhi ile ile. Tuliporudi barazani shemeji alinawa mikono, akakaa, akakataa kahawa. Alikuwa anangojea. Dada alipotuma ujumbe kwamba watoto wameshaingia darasani, akampigia tena.

"Asalaam alaykum, mdogo wangu. U hali gani? Mtoto hajambo? Watoto wa watu hawajambo?"

Akazisema zote alizoziacha, moja baada ya moja, bila haraka. Namsikia dada anaitika.

"Na gari?" shemeji akauliza.

"Subiri, kaka," akasema dada. "Natazama."