Mama Nyuzi na jozi kumi na nne za mwalimu

Saa nne kasorobo asubuhi, moyo wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi umesimama kimya. Mashine iliyo kando ya kitanda ndiyo inayomsukumia damu. Vali yake mbovu, mlango mdogo wa moyo unaozuia damu kurudi nyuma, imeshakatwa. Mpya, kiduara chenye ukingo wa kitambaa, inangoja kushonewa mahali pake.

Muuguzi wanayemwita Mama Nyuzi anampa daktari bingwa sindano moja baada ya nyingine. Uzi wa kijani, mweupe, wa kijani, mweupe. Kila jozi ya nyuzi ikishapita kwenye nyama ya moyo na ukingo wa vali, anaibana kwa koleo ndogo na kuilaza kwa zamu yake. Jozi ni kumi na nne.

"Zikipandana, vali haikai sawa, damu inavuja," anasema. "Rangi zinasaidia macho, lakini kazi yenyewe ni kuhesabu."

Ameifanya kwa miaka kumi na mmoja. Mwanzoni alijifunzia nyumbani, kwa kitambaa cha kufutia vyombo na vibanio vya nguo.

"Nguo zetu zilipeperuka hadi kwa jirani," anakumbuka mumewe, fundi wa friji. "Vibanio vyote viko mezani, na ukigusa uzi mmoja tu, umetafuta ugomvi."

Leo, daktari anapotaka kuishusha vali, Mama Nyuzi anaona kitu.

"Daktari, naomba usubiri. Ya tisa imepanda juu ya ya kumi."

Daktari anainama, anatazama, anazitenganisha taratibu. "Asante, dada."

Vali inashuka na kukaa. Mafundo yanafungwa. Moyo unasitasita, kisha unaanza kudunda wenyewe. Mwendesha mashine anacheka peke yake nyuma ya barakoa.

Siku ya sita, mwalimu, ambaye awali alikuwa akipumzika mara tatu kabla ya kufika darasani, anatembea wodi nzima bila kusimama. Vali inasikika ikijifunga: ti, ti, ti.

"Wanafunzi watasema nimemeza saa," anamwambia Mama Nyuzi. Mama yake mwalimu ameushika mkono wa muuguzi, hauachii.

Mwezi ujao Mama Nyuzi ataanza kuwafundisha wauguzi watano, kila Alhamisi.

"Mmoja wao akiweza kusimama mahali pangu, nachukua likizo ya wiki mbili," anasema. "Simu naizima kabisa."

"Huyu?" mumewe anadakia. "Siku ya kwanza tu, saa nne, atakuwa anapiga kuuliza vali imekaaje."

Mama Nyuzi anacheka mpaka machozi yanamtoka. Hakatai.