Mama Mkwe na Kufuli Lenye Dirisha

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, na kazi yangu haihusiani kabisa na chuma. Lakini siku moja ufunguo ulikatikia ndani ya kufuli la geti letu, hapa Lubumbashi, katika komuni inayoitwa Kenya, ikabidi nilikate kwa msumeno. Msumeno ukapita katikati ya tumbo lake. Nikaona vijiti vidogo vya shaba vimesimama mstari, kila kimoja na springi yake kichwani, kama wanafunzi wanaosubiri kuingia darasani. Nilikaa pale chini, geti liko wazi, mpaka mke wangu akatoka kuniuliza kama nimeanguka.

Baadaye nilinunua mashine ndogo ya kuchonga chuma, ile mafundi wa hapa wanayoiita fraiseuse, kutoka kwa fundi aliyekuwa anahama mji. Inakaa juu ya meza, lakini kuibeba ni kama kubeba mbuzi aliyekataa kutembea. Tangu hapo, umeme ukirudi na mimi sina madaftari ya kusahihisha, nachukua kufuli jipya, nalibana kwenye mashine na kulichonga ubavu polepole mpaka ndani kuonekane. Nikimaliza nazungusha ufunguo, navitazama vijiti vikipanda na kushuka. Basi. Hakuna zaidi ya hapo.

"Kadena ilikuwa muzima, weye ukaitoboa," mke wangu alisema nilipomwonyesha kufuli la kwanza. "Sasa inafunga nini?"

"Inafunga kama zamani."

"Inafunga, lakini kila muntu anaona ndani. Ile iko kadena ao iko dirisha?"

Mashine ilikuwa katika chumba cha wageni. Halafu mama mkwe wangu akaja kutoka Lukafu kutibiwa goti, akahitaji chumba hicho, na mashine ikahamia sebuleni, kando ya meza ya kulia chakula.

Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawasemeshani, mpaka wazee waiondoe heshima hiyo kwa zawadi na maneno. Sisi hatukuwahi kuiondoa. Yeye alikuwa kwake na mihogo yake, mimi mjini, na hakuna aliyeona haraka. Sasa tulikuwa ndani ya nyumba moja ndogo. Akitoka chumbani, mimi nageukia ukuta. Nikitoka bafuni, yeye anajifunika kitenge usoni. Siku moja tulikutana katikati ya korido, kila mmoja akampa mwenzake mgongo, tukapita ubavu ubavu kama kaa.

Mchana mmoja mke wangu alikuwa ameenda sokoni. Nilikuwa nasahihisha madaftari mezani nikiwa nimeelekea dirishani, maana mama mkwe alikuwa ameketi nyuma yangu. Nikasikia mlio: ka. Kisha tena: ka. Alikuwa amechukua moja ya makufuli yangu kwenye rafu na alikuwa anazungusha ufunguo.

Halafu akasema, "Kadena, ambia ule mwenye kukupasua, huku chini naona muzuri. Huko juu sioni kintu."

Sikujua desturi inasemaje kuhusu jambo hilo. Hakuwa amenisemesha mimi. Nilifikiri kidogo, kisha nikaigeukia mashine.

"Mashine," nikasema, "ambia kadena, nikikata na juu, atalegea."

"Kadena, mwambie akate kidogo."

Nikakata kidogo. Toka siku hiyo tukawa tunazungumza kila mke wangu akitoka, yeye na kufuli lake, mimi na mashine yangu. Alitaka kuona kila kitu. Alitaka kuona mahali upinde wa kufuli unapong'atwa, na jino linaloung'ata. Nikakata huko. Alitaka kuona springi zinavyokaa. Nikakata na huko.

"Kadena, ule wa tatu iko mufupi. Benzake biko barefu. Juu ya nini banamuonea?"

Nikaieleza mashine kwamba kila kijiti kina urefu wake, na tofauti hiyo ndiyo inayoujua ufunguo wake. Vikilingana vyote, ufunguo wowote wa jirani utafungua.

Nikasikia tena: ka. "Hata vile," alisema mwishowe, "banamuonea."

Kufuli likabaki kama samaki aliyeliwa na wageni wenye adabu: mifupa mitupu, lakini bado ameshikana. Nilijua halitadumu, ila sikuwa na namna ya kumkatalia mama mkwe kupitia mashine. Ndipo siku moja akazungusha ufunguo, na badala ya mlio tuliouzoea kikatoka kitu kama kikohozi kidogo. Vijiti vikamwagika mezani na springi zikaruka.

"Yesu," alisema mama mkwe kwa sauti ya chini.

Springi za kufuli ni nyembamba kama kope, na zikianguka sakafuni zimekwenda. Nilipiga magoti upande wangu wa meza. Yeye, pamoja na goti lake, akapiga upande wake. Tukatambaa tukipapasa saruji, kila mmoja macho sakafuni, mpaka paji langu la uso likagonga la kwake. Nikainua macho. Kumbe alikuwa na kidevu cha mke wangu. Alifungua kiganja akanionyesha springi moja.

Wakati huohuo mlango ukafunguliwa. Aliingia mke wangu, na nyuma yake mjomba wake, mdogo wa mama mkwe, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Mjomba alituona chini ya meza, akageukia ukuta. Desturi haikumlazimisha, nadhani ndicho kitu cha kwanza kilichomjia.

Tulipokwisha kuketi, kila mtu mahali pake, mjomba akaanza kumuuliza dada yake.

"Yaya, mulikuwa munafanya nini na mukwe chini ya meza?"

"Tulikuwa tunatafuta resori."

"Resori ya nini?"

"Ya kadena."

"Kadena ya mulango gani?"

"Haina na mulango."

"Sasa inafungaka nini?"

"Haifunge kintu," alisema mama mkwe. "Tunaiangaliaka tu."

Akaomba kuona. Mke wangu akamletea kufuli jingine kwenye rafu. Mjomba akaingiza ufunguo, akazungusha. Akazungusha tena. Chai yake ilipoa. Mke wangu alikohoa mara kadhaa kabla mjomba hajakumbuka kwamba alikuwa amekaa kutuhukumu.

Alisema aibu imekwisha kutokea, na aibu iliyotokea hairudi tumboni. Mimi nitoe kuku na kitenge, mama mkwe atoe unga, tusali, na tuanze kutazamana. Kufuli nalo alilichukua, kama ushahidi, alisema, ukoo ukiuliza.

Kesho yake tulikula meza moja. Nilikuwa nimedhani itakuwa rahisi. Tulikula maharagwe kimya kabisa, mpaka mama mkwe akaweka kijiko chini na kunitazama usoni.

"Mukwe, siku ya ndoa ulivaa biatu ya muntu mwingine."

"Ndiyo, mama."

"Bilikuwa bikubwa."

"Ndiyo, mama."

"Niliogopa utaanguka mbele ya padri."

"Hata mimi niliogopa."

Akatikisa kichwa, akaendelea. Alikuwa ameyatunza yote tangu siku ile: bati letu linalovuja, ninavyokula kwa kelele, jina nililotaka kumpa mtoto wetu wa kwanza. Mengine yalikuwa kweli. Nilisikiliza nikiwa na furaha nisiyoitarajia, na uchovu pia.

Goti lilipopona alirudi Lukafu. Siku hizi anapiga simu ya mke wangu, anamsalimu haraka, kisha anasema, "Nipe mukwe." Juzi alitaka nimpasulie saa ya ukuta ya kanisa lao, maana misa inachelewa na kila mtu anasingizia saa. Nilimwambia ile saa ni ya plastiki, ndani mna betri na kidude kimoja tu, hakuna cha kuona. Hakukubali. Tulibishana mpaka salio lake la simu likakaribia kwisha, na mke wangu amesimama kando yangu, mkono ameunyoosha, anasubiri simu yake.