Jina la Mwanaidi Kwenye Kopo

Katika visiwa vya Salale, kabla nyavu za nailoni hazijafika, wavu wa pamba usiotiwa rangi ya magome ya mkoko ulioza upesi. Kazi ya kuyachemsha magome hayo ilikuwa ya Mashavu binti Kondo. Aliyatwanga, akayaloweka, akayachemsha katika pipa lililokatwa nusu mpaka maji yakawa mekundu mazito, kisha akazitumbukiza nyavu na kuzianika juu ya fito. Rangi hiyo ilikuwa imemwingia viganjani mpaka kwenye vifundo vya mikono, na hakuna sabuni iliyoweza kuiondoa.

Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Mwanaidi. Kwa miaka mingi watu hawakumwita kwa jina lake mwenyewe. Alikuwa Mama Mwanaidi, pwani, kisimani na arusini. Kisha Mwanaidi, ambaye alikuwa ameolewa karibuni na hajajaliwa mtoto, alikufa kwa homa.

Desturi ya kisiwa ilikuwa kwamba jina la marehemu hulala. Halitamkwi na ndugu wala na majirani mpaka azaliwe katika ukoo mtoto wa kulirithi. Mtoto huyo huadhiniwa sikioni, hunyolewa nywele za tumboni, na tangu hapo watu hulitamka jina kwa furaha kama kwamba halikupata kunyamaziwa. Mashavu hakuwa na mtoto mwingine, wala kaka, wala dada. Tanga la msiba lilipoondolewa, watu waliacha kumwita Mama Mwanaidi. Wakarudi kumwita Binti Kondo, kama alivyoitwa usichanani. Walifanya hivyo kwa heshima, na hakuna aliyeteleza hata mara moja.

Miaka michache baada ya vita kuu vya pili, alifika kisiwani mtu aliyeitwa Abbasi, wakala wa kiwanda kimoja cha Dar es Salaam. Alikuja na mfuko wa unga mwekundu. Alieleza kwamba unga huo ulitokana na magome ya mkoko yaliyochemshwa kwa mitambo na kukaushwa. Mvuvi angehitaji maji ya moto tu, naye angeutia wavu wake rangi asubuhi na kuvua jioni.

"Kwa hiyo magome yetu yalikwenda Dar es Salaam kutembea," alisema Seleman, nahodha mwenye maneno mengi, "na sasa yamerudi yamejipodoa."

Abbasi alicheka pamoja nao, lakini alikuwa na shida ya kweli. Kiwanda kilikuwa bado hakijaupa unga huo jina. Wazungu wa kiwandani walikuwa wamependekeza moja ambalo yeye mwenyewe lilimshinda kulitamka, na alijua kwamba sabuni, viberiti na hata majembe vilinunuliwa kwa chapa. Mtu asiyeweza kuitaja chapa hurudi nyumbani mikono mitupu.

"Uite Papa," alisema Seleman.

"Papa akikaa juani siku moja sote tunahama," mwenzake alimjibu. "Nani atanunua dawa ya kuzuia kuoza yenye jina la papa?"

"Basi uite Mfalme."

"Mfalme amekunja wavu lini?"

Mashavu alikuwa kando, akiujaribu unga huo kwa kipande cha wavu. Alikisugua, akakisuuza, akakitazama kwenye mwanga. Rangi ilikuwa imeshika vema, na alisema hivyo waziwazi, ingawa kila mtu alielewa kwamba kwa neno hilo pipa lake lilikuwa limekwisha kazi.

Kabla ya kupanda mtumbwi wake, Abbasi alimwendea Mashavu. "Bibi, hawa watakuamini wewe kabla ya kuniamini mimi. Wewe ungeuitaje?"

Mashavu alitazama nyuma. Wanaume walikuwa mbali.

"Mwanaidi," alisema.

Abbasi alilirudia mara mbili, polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Ni jepesi," alisema. "Ni la kwetu. Ni nani huyu?"

"Ni jina tu, baba."

Tangu siku hiyo alingoja. Alikuwa ameliwaza jambo hilo kwa makini: ikiwa jina halina mtoto wa kulirithi, huenda kitu kingeweza kulirithi. Watu wangelitaja dukani kila siku bila kosa, kwa kuwa wangekuwa wakitaja bidhaa. Na baada ya kulitaja kwa muda, pengine mmoja wao angesahau, akamwita yeye Mama Mwanaidi kama zamani.

Makopo yalifika kabla ya mvua za vuli, mekundu, yenye herufi nyeupe. Haruni mwenye duka aliyapanga kwenye rafu ya juu. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, mara moja tu, kwa sauti ya chini. Baada ya hapo hakuna aliyelitaja jina lile. Mnunuzi alinyoosha kidole, akasema "hilo," na Haruni alilifunga kopo katika karatasi kabla ya kumkabidhi. Wengine hawakunyoosha hata kidole. Waliona haya kuchovya nyavu katika maji yenye jina la marehemu kisha kuyamwaga matopeni yakanyagwe. Walirudi kwa Mashavu na magome yao mabegani, na yeye akalazimika kuwasha moto chini ya pipa lake.

Siku moja alimkuta Mwajabu dukani, rafiki yake tangu walipochezwa unyago pamoja. Alilishusha kopo na kumwekea mbele.

"Mwajabu, hapa pameandikwa nini?"

"Kusoma sijui, Binti Kondo."

"Lakini unajua pameandikwa nini."

"Najua. Ndiyo maana nimenyamaza."

"Hili ni kopo, shoga yangu. Limekuja na jina lake kutoka kiwandani. Ukilitaja utakuwa umemkosea nani?"

Mwajabu alilipangusa kopo vumbi kwa ncha ya kanga, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso. "Halikuadhiniwa," alisema. "Halikunyolewa. Ungezaa tena, ningekuwa wa kwanza kulitaja, na vigelegele ningepiga. Lakini hili, usinitake."

Alilirudisha rafuni yeye mwenyewe, herufi zikielekea ukutani.

Abbasi aliporudi, makopo mengi ya Haruni yalikuwa yameanza kushika kutu. Alishindwa kuelewa. Katika maduka ya bara, kando ya barabara kuu, alisema, unga ulikuwa ukiisha mara tu ulipowekwa rafuni; wavuvi wa mabwawa ya mtoni waliupenda. Kwenye visiwa tu, ambako kiwanda kilitegemea kuuza zaidi, ndiko ulikolala. Kwa hiyo kiwanda kilikuwa kimeamua kubadili chapa. Makopo yanayokuja yangekuwa na picha ya samaki.

"Samehe, bibi. Jina lilikuwa zuri."

Mashavu hakumweleza, wala hakumwomba. Aliuliza swali moja tu: ni wapi makopo ya zamani yalikuwa bado yakiuzwa.

"Bungu," alisema Abbasi. "Lakini na huko yanakaribia kwisha."

Mashavu alivuka kwa mtumbwi mpaka Nyamisati, upande wa bara, akatembea, akalala Mtunda kwa watu waliompa uji na hawakumuuliza sana. Huko Bungu, alikaa kwenye kibaraza cha duka la mtu aitwaye Mohamedi, mgongo wake ukiwa ukutani, kanga yake ikimfunika viganja.

Hakukaa sana kabla mwanamume mmoja hajaingia.

"Mohamedi, Mwanaidi amebaki?"

"Amebaki kidogo. Mnamgombea mno."

"Nipe kabla sijanyang'anywa. Mke wangu ananiuliza ni nani huyu Mwanaidi anayenipaka mikono kila siku."

"Mwambie ni mke mwenzie."

"Nami nitamwambia mshenga alikuwa wewe."

Walicheka. Mashavu hakukasirika. Watani wa Mwanaidi walimtania hivyohivyo alipokuwa hai, naye aliwajibu kwa ukali wa kuchekesha, mkono kiunoni. Tangu amzike hakuwa ameweza kuikumbuka sauti ile.

Akaja mwingine, akalitaja. Akaja mzee, akalitaja kwa kukohoa. Wawili waliliita kutoka barabarani bila kushuka kwenye baiskeli.

"Bibi, wewe umekuja kununua nini?" Mohamedi aliuliza hatimaye.

"Napumzika, baba."

"Pumzika. Lakini kama unakwenda Nyamisati, lori halitakawia, na leo halirudi tena."

Lori lilikuja, likasimama upande wa pili wa barabara, likapiga honi. Utingo alimwonyesha nafasi juu ya magunia na kumwita kwa mkono. Mashavu alimtazama, kisha akageuza uso dukani. Mwanamke mwenye kikapu alikuwa akipanda kibarazani, akimwonyesha Mohamedi kwa kidole rafu yenye makopo mekundu, na alikuwa bado hajafungua kinywa kulitaja jina.