Masikio ya Mbwa Wetu

Mtu aliruka ukuta wetu hapa Nsambya akaanua suruali zangu mbili kwenye kamba, ndipo mke wangu akaamua tufuge mbwa. Tulikwenda kwenye kituo kinachookota mbwa na paka wa mitaani, na huko tukampata dume mchanga wa rangi ya udongo, aliyekuja akalala juu ya viatu vyangu kabla hatujamaliza kusalimiana na wenyeji.

Mama aliyesimamia kituo alinipa karatasi nitie sahihi. Sharti la mwisho lilisema mbwa akifikisha miezi sita tumrudishe ahasiwe, la sivyo watamchukua. Nikamuuliza kama ni lazima. Akanijibu kwa upole kwamba mabanda yake yamejaa kwa sababu ya watu wanaouliza kama ni lazima. Nikatia sahihi, nikiwa sina nia yoyote ya kutimiza.

Sababu yenyewe siwezi kuieleza kwa mtu mwenye akili. Mimi ni Mkenya, nauza pampu za maji, nina watoto watatu, na hakuna aliyewahi kunitishia kisu. Lakini kila nikiifikiria siku hiyo, nilijikuta nimebana miguu.

Jirani yangu, fundi cherehani kutoka Bukavu, alinielewa bila maelezo. Alisimamisha cherehani, akamtazama mbwa kwa huzuni.

"Papa, hii mbwa iko mwanaume," alisema. "Ukimukata, mwizi atajua."

Tukakubaliana kwamba mwizi atajua.

Miezi sita ilipofika, mama wa kituo akaanza kupiga simu. Kwanza nilimwambia mbwa ana mafua. Wiki iliyofuata nikamwambia amesafiri. Akauliza amesafiri kwenda wapi. Mke wangu alikuwa karibu akichagua mchele, akasikia yote, akaendelea kuchagua. Hapo ningepaswa kuogopa.

Mara kazi ikanipeleka Mbarara kwa siku tano. Niliporudi nilimkuta mbwa barazani amevaa kola ya plastiki, pana kama beseni, akinitazama kama mfiwa. Mke wangu alisema daktari amekataza asijiguse. Nikasema bila shaka ni sikio. Yeye hakunisahihisha. Nilikwenda duka la dawa za mifugo nikarudi na matone, na kwa siku tatu, asubuhi na jioni, nilikishika kichwa cha yule maskini nikayatia dawa masikio yasiyokuwa na kosa lolote.

Fundi alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alimzunguka, akainama kwa nyuma, kisha akaniita kwa sauti ya chini. Kulikuwa na uvimbe wa kuonekana. Tulisimama pale, watu wazima wawili, tukaafikiana kwamba kijana amekomaa, na fundi akanipa mkono wa pongezi kwa kutoyumba.

Siku ya nne simu ya kituo ikaita. Nilikuwa nimeshatayarisha msiba katika ukoo wa mbwa, lakini yule mama hakunipa nafasi, akaanza na ‘ssebo’, yaani bwana, kama kawaida yake.

"Ssebo, kidonda ya mbwa imekauka? Kesho mulete tutoe nyuzi."

"Nyuzi za sikio?"

Akauliza polepole, "Ssebo, bibi yako hakukwambia?"

Nilikwenda jikoni. Mke wangu, bila kuacha kukata sukuma wiki, alieleza kwamba sahihi ilikuwa yangu, yeye alinisaidia tu kuitimiza, na kwamba alitaka kuona nitachukua siku ngapi kumtazama mbwa wangu vizuri. Nilijitafutia hasira nikaipata kidogo tu, haikufika hata mlangoni. Nilitoka barazani nikamwomba mbwa radhi kwa ajili ya matone.

Kumwambia fundi ndiko kulikonishinda. Niliahirisha miezi miwili, mpaka asubuhi moja dada yake alipokuja kutoka Bwaise na mbwa jike, kwa mwaliko wa fundi mwenyewe, kutafuta mbegu ya ukoo huu shupavu. Mbwa wetu alimnusa mgeni kwa adabu, akampisha kivulini, akalala. Tukangoja. Fundi, futi yake ya kupimia ikiwa shingoni, akawa anamtia moyo kwa Kifaransa. Ikabidi niseme.

"Tangu lini?" aliuliza.

Nikamwambia tangu kabla ya matone. Nilimwona akirudi nyuma kichwani siku kwa siku, mpaka akafika kwenye ule mkono wa pongezi. Alicheka hadi akakaa chini, na mimi nikakaa kando yake.

Dada yake hakucheka. Alisema wazo la watoto wa mbwa lilikuwa la kaka yake, yeye ameshachoka kuwatafutia watu wa kuwachukua, kisha akamwomba mke wangu namba ya kituo. Wiki iliyofuata yeye na mke wangu walimpeleka yule jike, wakatuchukua sisi wawili tumbebe. Mama wa kituo alipoanza kueleza mahali watakapopasua, fundi aliomba kusubiri nje, nami nikamsindikiza.