Foleni ya Trekta za Miwa

Nichekeni tu, nimeizoea aibu. Kwenye mashindano ya wanafunzi ya kuchambua kampuni, hapa Kitale, niliwahimiza majaji wanunue hisa za kiwanda kimoja cha sukari kule kwetu Bungoma. Ushahidi wangu ulikuwa picha niliyopiga nikipita na gari: foleni ndefu ya trekta zilizojaa miwa. Sikushuka kuuliza, viatu vingechafuka.

"Kazi imeshamiri," nikajigamba.

Jaji mmoja akatikisa kichwa. "Kijana, si mtambo wa kusaga uliharibika? Hizo trekta zimekwama hapo siku kadhaa, miwa inakauka, bana." Akaikuza picha ukutani. Chini ya trekta ya mbele, mzee alikuwa amelala juu ya gunia. "Na huyu je?"

Nililitambua koti la mzee huyo.

"Ni baba," nikasema. "Aliniambia miwa yetu ilishauzwa, karo yangu ikatoka humo."