Verna Aliyejua Kuanguka

Culver City, mji wa studio za filamu, mwaka 1930, ukitaka mtu wa kubiringika ngazi nzima na trei ya vyombo mkononi, kisha ainuke ajikung'ute, ulimwita Verna Kowalczyk. Kwa miaka kumi na minane alianguka badala ya waigizaji wengine: warembo walionyesha sura, yeye akatoa mgongo. Jina lake halikuandikwa kwenye picha hata moja. Hilo halikumzuia kujivuna, tena bila haya. "Kuanguka kila mtu anaweza," alizoea kusema. "Mimi naanguka vizuri."

Baba yake, mwanasarakasi kutoka Polandi, alimfunza kuhesabu kwa sauti kabla ya kuruka. Anayeimeza hesabu, alimwambia, huvunja shingo. Zama za filamu bubu haikudhuru, maana hata mwongozaji alipiga kelele apendavyo. Sasa kinasa sauti kilikuwa kimeingia, na nzi hakuwa na ruhusa ya kupiga chafya.

Asubuhi ile Verna alikwisha kuharibu mara mbili. Kila alipofika ukingoni mwa ngazi, mdomo ulimponyoka: "Moja, mbili..."

"Kata!" Lyle, fundi wa sauti, akavua visikizio masikioni. "Dada, hapa sokoni?"

Haskell, mwongozaji, akampandia juu. "Verna wangu, ukiharibu ya tatu namwita yule binti wa studio ya jirani."

"Yule? Si anaanguka kama gunia la viazi!"

"Gunia halisemi, Verna."

Yalimchoma maneno hayo. Aliogopa, na kweli aliogopa: kuanguka alikujua, kuanguka kimyakimya hakupata kukujaribu. Hata hivyo, kumwachia yule binti ngazi zake? Thubutu!

Taa zikawaka, watu wakabana pumzi. Verna akahesabu kwa ncha ya ulimi, akagusa jino moja, la pili, la tatu, akajitupa.

Ngazi kumi na nne. Sahani zilimtangulia, trei ikamfuata, naye katikati, miguu juu kichwa chini, hata akaketi sakafuni wima na bakuli la supu kichwani. Hakutoa hata kwi.

Ndipo kicheko kikapasuka. Wote wakageuka. Lyle alikuwa ameiinamia mitambo yake, machozi yanamtiririka.

"Kata," Haskell akasema kwa unyonge. "Nani kaharibu?"

Fundi wa sauti akainua mkono.

Verna akajipangusa supu usoni, akaanza kupanda tena, shingo imesimama. "Leteni sahani nyingine," akasema, "na huyo mzibeni mdomo."